Pengo la pointi 20 lililoyeyuka: Namna ya kusoma msimamo wa ligi

MABISHANO kuhusu nani atatwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara hayaishi Misugusugu, kata iliyo kando ya Barabara ya Morogoro katika Mji wa Kibaha, mkoani Pwani. Kama ilivyo kwingineko nchini, mashabiki wa hapo wamegawanyika kati ya Wekundu wa Msimbazi, Simba, na watoto wa Jangwani, Yanga. Mara nyingi kinachowagombanisha si mabao yaliyofungwa, bali jedwali la msimamo. Mmoja hudai kuwa timu yake imekwishajihakikishia kombe kwa sababu inaongoza kwa pointi nyingi, na mwenzake humjibu kuwa asishangilie mapema, kwani timu ya pili ina viporo.

Mashabiki hao si wageni wa ligi hiyo. Kutoka Misugusugu ni mwendo mfupi tu hadi Mlandizi, ulipo Uwanja wa Mabatini, ambao kwa miaka mingi ulikuwa nyumbani kwa Ruvu Shooting kabla timu hiyo haijashuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2022/23. Kwa hiyo wapo waliozoea kulisoma jedwali kutoka juu, wakitafuta bingwa, na wapo walioizoea hesabu hiyo hiyo kutoka chini, wakimtafuta wa kumwacha nyuma.

Hata hivyo, pande zote mbili za mabishano hayo husahau sehemu ya hesabu. Anayeringia pengo la pointi husahau kuangalia safu ya mechi zilizochezwa, na anayeringia viporo husahau kwamba kiporo si pointi. Msimu unaofundisha somo hilo vizuri kuliko mwingine wowote wa miaka ya karibuni ni ule wa 2018/19.

Msimu huo ligi ilikuwa na timu 20, na kila timu ilipaswa kucheza mechi 38. Katikati ya Januari 2019, Yanga iliyokuwa chini ya kocha Mwinyi Zahera ilimaliza mzunguko wa kwanza bila kufungwa. Ilikuwa imecheza mechi 19, ikashinda 17 na kutoka sare mbili, na hivyo kuvuna pointi 53 kati ya 57 zilizowezekana. Wakati huo Simba, mabingwa watetezi, walikuwa na pointi 33 tu. Kwa aliyetazama safu ya pointi peke yake, pengo lilikuwa pointi 20, na baadhi ya mashabiki wa Jangwani walikwisha kuanza kuhesabu ubingwa.

Lakini Simba ilikuwa imecheza mechi 14 tu. Ilikuwa katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na mechi zake kadhaa za nyumbani zilisogezwa mbele ili kupisha ratiba ya kimataifa. Hivyo ilikuwa na viporo vitano, sawa na pointi 15 ambazo hazikuwa zimegombewa bado.

Njia ya kwanza ya kupima pengo la namna hiyo ni kuuliza kila timu inaweza kufikisha pointi ngapi endapo itashinda mechi zote zilizobaki. Yanga ilibakiwa na mechi 19, yaani pointi 57, na ingeweza kufikisha 110. Simba ilibakiwa na mechi 24, yaani pointi 72, na ingeweza kufikisha 105. Kwa kipimo hicho, pengo la pointi 20 lilikuwa pengo la pointi tano.

Njia hiyo ndiyo inayotumiwa kujua kama ubingwa umekwisha kuamuliwa. Kinara huwa bingwa rasmi pale pointi alizonazo mkononi zinapozidi kiwango cha juu kabisa ambacho kila mpinzani wake anaweza kufikia. Kabla ya hapo, hata kama pengo ni kubwa kiasi gani, kombe halina mwenyewe. Kwa upande wa chini wa jedwali ni kinyume chake: timu imeshuka pale ambapo hata ikishinda mechi zake zote haitaifikia ile iliyo juu ya mstari wa kushuka.

Hata hivyo, kipimo hicho kina kasoro moja. Kinachukulia kwamba timu yenye viporo itashinda vyote, jambo ambalo ni nadra. Kama ulivyo wali uliolala, kiporo cha soka nacho huweza kuchacha. Timu yenye mechi nyingi za kufidia hulazimika kucheza kila baada ya siku chache, husafiri umbali mrefu, na wachezaji wake huchoka au huumia. Ndiyo maana njia ya pili, iliyo ya haki zaidi, ni kuangalia wastani wa pointi kwa kila mechi.

Kwa kipimo hicho, Simba ilikuwa na wastani wa pointi 2.36 kwa mechi. Viporo vyake vitano vilitarajiwa kuipa pointi 12 hivi, wala si 15. Pengo la kweli, basi, lilikuwa kama pointi nane. Yanga ilikuwa mbele kwa haki, lakini si kwa pointi 20 alizozishangilia shabiki wake, wala si kwa tano alizojipa moyo nazo shabiki wa Simba.

Kilichofuata kinafahamika. Januari 19, 2019, Yanga ilipoteza mechi yake ya kwanza ya msimu kwa kufungwa bao 1-0 na Stand United mjini Shinyanga. Februari 16 ikafungwa tena 1-0 na watani wao wa jadi, kwa bao la Meddie Kagere. Simba ilifika robo fainali ya Afrika, ambako ilitolewa na TP Mazembe mwezi Aprili, kisha ikarejea kumalizia viporo vyake. Mwezi Mei ilitangazwa bingwa kabla ligi haijamalizika. Hesabu za mwisho zilikuwa Simba pointi 93, Yanga 86.

Mpaka leo wapo wanaosema kuwa Simba ilibebwa na viporo. Takwimu zinaeleza habari tofauti. Katika mechi 24 zilizobaki, Simba ilivuna pointi 60 kati ya 72, na vipo viporo vilivyochacha: Kagera Sugar iliifunga Simba nyumbani na ugenini msimu huo. Yanga, kwa upande wake, ilivuna pointi 33 tu kati ya 57 za mzunguko wa pili. Timu iliyodondosha pointi nne katika nusu ya kwanza ya msimu ilidondosha 24 katika nusu ya pili. Laiti ingepata pointi 41, nane zaidi ya ilizozipata, ingefikisha 94 na kuwa bingwa, viporo au bila viporo.

Sababu za kuporomoka huko hazikuwa za hesabu. Yanga ilikuwa ikikabiliwa na ukata, kiasi kwamba wanachama na mashabiki walichangishwa fedha za kuiendesha timu. Kikosi chenye wachezaji wachache wa akiba kinaweza kukimbia vizuri kwa nusu msimu, lakini mechi 38 ni mbio ndefu. Jedwali la Januari lilionyesha pointi, halikuonyesha pumzi.

Suala la kulinganisha timu zilizocheza mechi tofauti halikuanzia hapa nchini. Katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani, ambako kila timu hupangiwa michezo 162 kwa msimu na hakuna pointi, jedwali huwa na safu inayoonyesha timu iko nyuma ya kinara kwa michezo mingapi. Hupatikana kwa kujumlisha tofauti ya ushindi na tofauti ya vipigo, kisha kugawanya kwa mbili. Kinara mwenye ushindi 60 na vipigo 40 yuko mbele kwa michezo miwili dhidi ya timu yenye ushindi 57 na vipigo 41. Kwa njia hiyo, mchezo ambao haujachezwa hauhesabiwi kana kwamba timu imefungwa, na wala hauhesabiwi kana kwamba imeshinda.

Pamoja na usahihi huo, mashabiki wa Marekani nao wameonja machungu ya pengo kubwa. Mwezi Julai 1978, timu ya Boston Red Sox ilikuwa mbele ya New York Yankees kwa michezo 14. Msimu ulipomalizika timu hizo zilikuwa sawa, ukalazimika kuchezwa mchezo mmoja wa ziada Oktoba 2 mjini Boston, na Yankees wakashinda 5-4.

Katika soka la Uingereza, ambalo hufuatiliwa sana katika vibanda vya televisheni vya Kibaha, mifano si haba. Newcastle United iliongoza kwa pointi 12 mwezi Januari 1996, lakini Manchester United ndiyo iliyotwaa ubingwa kwa pointi 82 dhidi ya 78. Mwaka 2012 ilikuwa zamu ya Manchester United yenyewe: iliongoza kwa pointi nane zikiwa zimebaki mechi sita, na Manchester City ikaifikia kwa pointi 89 na kuipokonya kombe kwa tofauti ya mabao.

Si kila pengo huyeyuka. Msimu wa 2021/22 Yanga ilimaliza mechi 30 bila kufungwa, ikiwa na pointi 74 dhidi ya 61 za Simba, pengo la pointi 13. Tofauti kati ya msimu huo na ule wa 2018/19 ni kwamba safari hii kinara hakupunguza kasi. Msimu uliofuata Yanga ilitetea ubingwa kwa pointi 78 dhidi ya 73, na pengo dogo la pointi tano lilitosha kama lilivyotosha lile la 13.

Tena kuna wakati pengo halipo kabisa. Msimu wa 2010/11 Yanga na Simba zilimaliza zikiwa na pointi 49 kila moja, na msimu wa 2016/17 zikamaliza na pointi 68 kila moja. Mara zote mbili Yanga ilipewa kombe kwa tofauti ya mabao ya kufunga na kufungwa. Msimu wa 2023/24 Azam na Simba zililingana kwa pointi 69, na Azam ikashika nafasi ya pili kwa kipimo hicho hicho. Shabiki anayelalamika kuwa bao la nne au la tano halina maana kwa kuwa mechi imekwisha kuamuliwa, akumbuke misimu hiyo mitatu.

Msimu wa 2016/17 ulileta pia suala la pointi za mezani. Simba ilifungwa na Kagera Sugar 2-1, ikakata rufaa kwamba wapinzani wake walimchezesha mchezaji mwenye kadi tatu za njano. Kamati moja iliipa Simba pointi tatu, kisha kamati nyingine ya Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) ikautengua uamuzi huo. Kwa timu zilizomaliza zikilingana kwa pointi, pointi hizo tatu zilikuwa ubingwa wenyewe.

Kiporo kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha msimu wa 2024/25. Mechi ya watani iliyopangwa Machi 8, 2025 iliahirishwa siku yenyewe ya mchezo, baada ya Simba kulalamika kuwa ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi. Ilichezwa Juni 25, ikiwa ya mwisho kwa timu zote mbili. Yanga iliingia uwanjani na pointi 79, Simba na 78. Sare ingeipa Yanga kombe, na Simba ilihitaji ushindi. Yanga ilishinda mabao 2-0 na kufikisha pointi 82.

Mfano huo unaonyesha kwa nini malalamiko kuhusu viporo si porojo za vijiweni tu. Mechi ikisogezwa, timu moja hucheza ikijua tayari inahitaji matokeo gani, wakati nyingine ilicheza bila kujua. Wachezaji waliokuwa majeruhi hupona, na waliokuwa wazima huumia. Ndiyo sababu ligi nyingi huamuru mechi za siku ya mwisho zichezwe kwa wakati mmoja. Lakini timu inayowakilisha taifa haiwezi kucheza viwanja viwili kwa siku moja, na faida huwarudia wote: baada ya Simba kufika robo fainali mwaka 2019, Tanzania ilipata nafasi nne katika mashindano ya Afrika ya msimu uliofuata, na Yanga iliyoshika nafasi ya pili nayo ikacheza Ligi ya Mabingwa.

Kwa shabiki wa Misugusugu, hasa yule anayeweka fedha zake katika ubashiri, utaratibu wa kusoma msimamo ni mfupi. Aanze na safu ya mechi zilizochezwa kabla ya safu ya pointi. Ahesabu kila timu inaweza kufikia wapi, kisha apime kwa wastani itafika wapi. Aangalie tofauti ya mabao, na ratiba iliyobaki: nani anacheza na nani, wapi, na baada ya siku ngapi. Baada ya hapo, ndipo abishane.