Mkongo wa intaneti unaweza kuiwahi tsunami

Leo nawaletea mada ambayo huku kwetu sijaona ikizungumzwa sana.

Mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024? Mikongo miwili ilikatika baharini na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani ikawa ya kusuasua. Wengi ndipo wakajua kumbe intaneti haishuki kutoka kwenye setilaiti, inapita chini ya bahari kwenye nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Sisi angalau tuna mikongo mingine ya kujikongojea. Kisiwa chenye mkongo mmoja je?

Waulizeni Tonga. Tarehe 15 Januari 2022 volkano ya Hunga Tonga-Hunga Ha'apai ililipuka baharini, tsunami ikapiga visiwa, na mkongo pekee wa kutoka Tonga kwenda Fiji ukakatika. Nchi ya watu kama 100,000 ikapotea hewani. Watonga walioko New Zealand na Australia wakakaa siku kadhaa hawajui kama ndugu zao ni wazima. Kuutengeneza mkongo kulichukua kama wiki tano.

Sasa wataalamu wakajiuliza: mkongo una umeme, una njia ya kupeleka data, umelala chini kabisa ya bahari. Kwa nini usitumike pia kusikiliza bahari? Mwaka 2012 mashirika ya Umoja wa Mataifa, yaani ITU la mawasiliano, WMO la hali ya hewa na tume ya bahari ya UNESCO, yakaunda kikosi kazi cha kusukuma wazo hilo. Mikongo hiyo inaitwa SMART.

Inafanyaje kazi? Mwanga unaobeba data huchoka njiani. Kwa hiyo kila baada ya makumi ya kilomita kuna kifaa kinaitwa ripita, kinaupa nguvu upya. Ripita inapata umeme kutoka nchi kavu kupitia mkongo huohuo. Hapo kwenye ripita ndipo wanafunga vihisi vya aina tatu: cha joto la maji, cha mtikisiko wa ardhi na cha presha.

Hicho cha presha ndicho cha tsunami. Waliosoma fizikia wanajua kwamba maji yakiongezeka juu, presha chini inaongezeka. Tsunami ikiwa bahari kuu hukimbia kama ndege, mpaka kilomita 800 kwa saa, lakini kimo chake ni kidogo, mvuvi anaweza asishtuke. Kihisi kule chini kinashtuka, hata maji yakipanda sentimita chache tu. Taarifa inafika nchi kavu fasta kabla ya wimbi.

Na si hadithi za vitabuni. Ureno, ambayo mji wake wa Lisbon uliharibiwa na tetemeko na tsunami mwaka 1755, iliamua mkongo wake mpya wa Lisbon, Azores na Madeira uwe na vihisi. Vanuatu na New Caledonia nao walipanga wa kwao, Tamtam.

Turudi kwetu. Kuanzia Mei 2018 watu wa Mayotte, hapo jirani na Comoro, walitikiswa na matetemeko mfululizo. Ilipita kama mwaka mzima ndipo meli ya utafiti, Mei 2019, ikakuta volkano mpya chini ya bahari, kama kilomita 50 mashariki ya kisiwa, yenye urefu wa mita 800 hivi. Mwanzoni vipimo vilikuwa nchi kavu, chini ya bahari hakukuwa na masikio.

Na msisahau tarehe 26 Desemba 2004. Tsunami ilitoka Indonesia, ikachukua saa kadhaa kufika pwani yetu. Somalia walikufa karibu watu 300, na Tanzania walikufa zaidi ya 10. Kenya watu waliondolewa fukweni, akafa mmoja. Muda ulikuwepo, taarifa ndiyo haikufika kwa wote.

Kuna pingamizi, sikatai. Vihisi vinaongeza gharama, na kampuni zinaogopa visije vikaharibu mkongo. Pia kihisi hakizuii mkongo kukatika, kwa hiyo kisiwa bado kinahitaji njia ya pili. Na onyo likiishia ofisini bila kufika kwa mvuvi, ni kazi bure.

Lakini fikirieni hili: mkongo ukishalazwa hukaa kama miaka 25. Ukilazwa bila vihisi, huwezi kwenda kuvifunga baadaye kama unavyobadilisha laini ya simu. Kwa hiyo siku ukitangazwa mkongo mpya wa Zanzibar, Pemba au Comoro, tusiulize tu spidi ni ngapi na bando litashuka bei lini. Tuulize na vihisi vipo? Tuulize mapema, kabla meli haijaondoka bandarini.

Nawasilisha. Wadau wa visiwani, nyie mnasemaje?