Kipindi cha Vichekesho Kilichotunyamazisha



Usiku wa kuamkia Jumamosi, wiki mbili zilizopita, tulikaa sebuleni baada ya Isha, watu tisa wa vizazi vitatu. Kahawa na kashata zilikuwa katikati, na simu ya kijana wetu imeunganishwa na spika ndogo. Tulikuwa tukikisubiri kipindi hicho tangu Jumatatu. Kilikuwa podikasti mpya ya vichekesho kwa lugha ya Kiswahili. Tangazo lake lilikuwa limezunguka katika makundi ya WhatsApp ya mtaa, likiahidi kicheko safi cha familia nzima, na safari hii, lilisema, wangetutembeza Turkana, kutoka Lodwar na Kakuma mpaka Nariokotome. Jina hilo la mwisho ndilo lililotufanya tumwite kila mtu aache alichokuwa akifanya, kwa kuwa binti anayekaa nasi kwa ajili ya masomo ya chuo ni mzaliwa wa huko.

Nariokotome ni kijiji kilichoko upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, kaskazini ya Kataboi, kando ya mto wa mchanga usiokuwa na maji isipokuwa mvua inaponyesha milimani. Ulimwengu unalijua jina hilo kwa sababu ya mifupa ya mvulana iliyopatikana hapo mwaka 1984. Aliyekiona kipande cha kwanza alikuwa Mkenya, marehemu Kamoya Kimeu, ingawa sifa nyingi ziliwaendea wengine. Wanasayansi huikadiria mifupa hiyo kuwa na umri wa miaka milioni moja na nusu hivi. Kuhusu asili ya mwanadamu kila nyumba ina sheikh wake wa kumuuliza, nasi hatutaliingia hilo hapa. Si mbali na hapo iko Lokitaung, alikofungwa Mzee Jomo Kenyatta na wenzake katika miaka ya hamsini, kwa kuwa Waingereza waliamini kwamba aliyepelekwa huko amesahauliwa.

Tunayataja haya kwa sababu kipindi hakikuyataja. Wenyeji wake ni vijana watatu, wenye sauti nzuri na Kiswahili chepesi, na kwa dakika tano za mwanzo tulitabasamu. Mmoja alisema mkazi wa kwanza wa Nariokotome alifariki akingojea ahadi ya serikali. Tulicheka, na binti yetu akacheka kuliko sote. Tungekuwa waongo tukisema kipindi kizima hakikuwa na chembe ya ucheshi.

Kisha mzaha ukaisha, ikabaki kelele. Mturkana alichekwa kwa kiu yake, kwa njaa yake, kwa shanga za mama yake, kwa weusi wake. Lafudhi iliigizwa na mtu ambaye, kwa kukiri kwake mwenyewe, hajapita Kitale. Jina la mji wa Kakuma lilichezewa kwa namna ambayo kila mzazi wa Pwani anaweza kuikisia, nasi hatutaiandika katika karatasi inayosomwa na watoto. (Wapo waandishi wa kigeni waliopata kuandika kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya "mahali pasipokuwapo". Kosa lao hilo lina ucheshi kuliko kipindi kizima, na halimwaibishi bibi mbele ya wajukuu.) Kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, iliyopokea watu kutoka Sudan, Somalia, Kongo na kwingineko, ilipewa sekunde chache tu, nazo ni za mzaha juu ya foleni ya chakula. Katikati ya yote likaingia tangazo la kamari, likisomwa na vijana wale wale kwa furaha ile ile.

Bibi alisema, "Zima, mwanangu." Kabla simu haijazimwa, binti yetu alikuwa amekwisha kuinuka na vikombe, ambavyo vingine vilikuwa bado na kahawa, akaenda navyo jikoni. Tulisikia maji yakimwagika kwa muda mrefu kuliko vikombe tisa vinavyohitaji.

Sisi si watu wa kununa. Watoto wa Pwani wamelelewa na Abunuwasi, na wazazi wetu walikusanyika mbele ya redio kumsikiliza Pwagu na Pwaguzi kutoka Dar es Salaam, halafu mbele ya televisheni kutazama Vitimbi na Vioja Mahakamani vya KBC. Marehemu King Majuto wa Tanga, aliyetutoka Agosti 2018, aliweza kuichekesha nyumba nzima kwa kukunja uso tu. Tukimkumbuka vizuri, yule mzee bahili na mkaidi aliyemwigiza alikuwa mzee wa nyumbani kwake, mwenye kofia na kanzu kama wazee wetu. Alichekwa na watu waliomjua. Hata utani wa makabila, ambao bara na Pwani wanaufahamu, una masharti yake. Mtani hukutania nawe ukamrudishia, na siku ya msiba yeye ndiye wa kwanza kufika, akafanya kazi za mazikoni. Vijana hawa hawana mtani Turkana. Hawakumwalika hata mtu mmoja wa huko kukaa mbele ya kipaza sauti awarudishie.

Katika dini yetu mzaha una adabu, wala haukukatazwa. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kwamba mtu mmoja alimwomba Mtume, rehema na amani zimshukie, ampe mnyama wa kupanda, naye akamwambia atampandisha juu ya mtoto wa ngamia jike. Yule mtu akashangaa, atafanya nini na mtoto wa ngamia? Mtume akamuuliza kama kuna ngamia yeyote asiyezaliwa na ngamia jike. Mzaha huo ni wa kweli tupu, na mchekwaji aliahidiwa kipando chake. Na katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, katazo la kudharauliana linawataja wanaume kisha linawataja wanawake peke yao, jambo ambalo akina mama wa darasa letu la Alhamisi hawachoki kulizungumzia. Aya hiyo hiyo inakataza kubandikana majina mabaya.

Kilichotuuma zaidi, tukisema kweli, ni kwamba tuliitambua sauti ile. Ndiyo inayosema Mswahili ni mvivu, analala chini ya mnazi, anafuga majini, na hawezi kumaliza sentensi kabla jua halijatua. Watoto wetu wanaosoma bara hurudi likizo wakiwa wameshaizoea, wengine wanaiigiza wenyewe mbele yetu ili wapendeze. Katika kipindi hicho kulikuwa na mzaha kuhusu watu wa Turkana ambao wakisafiri kwenda Nairobi husema wanakwenda Kenya. Tulikuwa karibu kuucheka, mpaka mjomba akatukumbusha kuta za mji wetu miaka kumi na kitu iliyopita na maneno "Pwani si Kenya" yaliyoandikwa juu yake.

Siku ya pili asubuhi mama wa nyumba alimwomba radhi binti yetu. Akajibu, "Si kitu, mama, nimeshazoea." Jibu hilo halikumpa mama usingizi. Mtoto wetu wa miaka kumi, ambaye hajui kunyamaza, alimuuliza waziwazi kama ni kweli kwao hawana maji.

Binti akatua ndoo. Yapaswa msomaji ajue kwamba siku hiyo bomba letu lilikuwa kavu kwa siku ya nne, na kijana wa mkokoteni alikuwa mlangoni akishusha mitungi. Akasema: "Sisi tuna ziwa la magadi, nyinyi mna bahari ya chumvi. Tofauti ni kwamba sisi tunakubali kuwa hatuna maji."

Kijana wa mkokoteni alicheka mpaka akakaa chini. Bibi, aliyekuwa akisikiliza kutoka chumbani, aliomba arudiwe, na mpaka leo huwasimulia wageni, kila mara akiongeza idadi ya siku za bomba.

Tulipomuuliza mbona hajatuambia kuwa ni mcheshi, alisema hakuna aliyemuuliza. Nyumbani kwao, anasema, mchekeshaji ni bibi yake, mzee asiyejua Kiswahili, ambaye humwigiza kila mgeni anayeshuka na kamera kuutafuta mto akiwa amekwisha kuuvuka kwa miguu. Tukakubaliana kwamba akienda likizo amrekodi kwa simu, kidogo kidogo, atutafsirie, nasi tusikilize Ijumaa badala ya wale vijana watatu.

Aliondoka wiki iliyopita, kwa basi mpaka Nairobi, kisha Kitale, kisha Lodwar, na kutoka hapo kwa gari lolote linaloelekea kaskazini. Ujumbe wa kwanza uliingia juzi. Ni dakika mbili za upepo, mbuzi wakilia, na sauti ya ajuza akicheka kabla hajasema lolote. Halafu akasema maneno machache, na watu waliokuwa karibu naye wakaangua kicheko. Mtandao ukakatika. Bibi yetu ameshausikiliza mara tano, na kila mara hucheka pamoja nao. Tafsiri bado tunaingoja.