Kenya: Mbolea Imeota Kandokando ya Njia

Ndugu wafanyakazi, mfuko mmoja wa mbolea ya dukani unameza mshahara, na bila mbolea mboga zetu zinageuka manjano. Jirani zetu wa magharibi ya Kenya wana njia nyingine.

Kandokando ya njia huota kichaka chenye maua kama ya alizeti. Wengine hukiita alizeti pori, wataalamu titonia. Hata kwetu kipo, twakifyeka na kukitupa. Miaka ya 1990 kilijaribiwa huko Maseno, ikaonekana majani yake ni mbolea. Kilo 100 za majani makavu zina naitrojeni kilo 3 na nusu hivi, na potasiamu kilo 4 hivi.

Tunafanyaje? Tukate majani na vitawi laini, vigumu tuviache. Tukatekate, tutandaze, tufukie kwa jembe. Baada ya wiki moja hivi tupande.

Tusidanganyane: majani mabichi ni maji matupu, mzigo wake mzito. Yanafaa bustani ya mboga kuliko shamba kubwa la mahindi. Kwa hiyo tukate kwa zamu, wanaume kwa wanawake, mzigo usiwaelemee kina mama peke yao.

Na mwajiri asije akasema: "Mboga mnazo, nyongeza ya nini?" Bustani ni jasho letu baada ya saa za kazi. Mshahara wa haki bado tunamdai.