Nyumba ya Kukodi Inapoharibika: Maelezo kwa Wapangaji na Wenye Nyumba

Kila masika yanapokaribia, malalamiko ya aina moja huanza kufika mbele ya Masheha wa shehia za mjini: dari inavuja, ukuta umetoa ufa, karo imejaa na maji yake yanarudi ndani, boriti zimeoza. Mpangaji husema kwamba amekwisha kumwambia mwenye nyumba mara nyingi. Mwenye nyumba husema kwamba hakuambiwa, au kwamba aliambiwa siku dari ilipokuwa tayari imeanguka. Kwa kuwa hakuna karatasi yoyote baina yao, Sheha hubakia kusikiliza maneno ya huyu na maneno ya yule. Maelezo yafuatayo yanatolewa ili wananchi wanaokaa katika nyumba za kukodi, hasa nyumba za ghorofa, wajue la kufanya mapema.

Inafaa ieleweke kwanza kwamba hili si jambo la usumbufu tu. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, ilianguka wakati matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba hilo lilikuwa likijulikana na kila mtu, na mafundi walikuwa wamo ndani yake. Nyumba ya ghorofa mbili iliyoko katika kichochoro, yenye wapangaji watano na mwenyewe hayupo, haina wa kuitazama isipokuwa hao wanaolala ndani yake.

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na sakafu zake hubebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba: upana wa chumba unafuata urefu wa boriti, nao kwa kawaida hauzidi mita tatu hivi. Ukuta wa namna hii una nguvu nyingi maadamu ni mkavu. Maji yakiingia, udongo na chokaa hulainika, na ncha ya boriti iliyomo ndani ya ukuta huoza mahali ambapo jicho halifiki. Kwa hiyo katika nyumba nyingi chanzo cha balaa ni maji: paa lililotoboka, mfereji wa mvua ulioziba, choo kilichoongezwa ghorofani pasipokusudiwa, au tangi lililowekwa juu ya paa. Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja, na waliojenga nyumba hizo hawakulipigia hesabu. Saruji nayo, ambayo wengi huidhania ni dawa, mara nyingi huzidisha maradhi, kwani huufunika ukuta ukashindwa kutoa unyevu wake, na ukuta ukaendelea kuoza kwa ndani huku kwa nje unang'aa.

Dalili si zote sawa. Rangi inayobanduka na ukungu katika pembe ni mambo ya kuandikiwa barua. Lakini ukiona ukuta umetokeza tumbo, au ufa uliokuwa mwembamba unapanuka wiki hata wiki, au mlango uliokuwa ukifungwa vizuri sasa unakwama bila ya sababu, au sakafu inabonyea unapopita, au mchanga na vipande vya chokaa vinadondoka usiku bila ya mtu kugusa kitu, hayo ni mambo ya kuhama chumba hicho siku hiyo hiyo. Hamisha watoto na wazee kwanza, kisha mpe habari Sheha na Kikosi cha Zimamoto na Uokozi. Kwa nyumba iliyomo katika eneo la Mji Mkongwe ipewe habari pia Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Barua itaandikwa baadaye. Wapo watu waliobakia katika chumba kibovu kwa sababu wamekwisha lipa kodi ya mwaka mzima. Kodi inadaiwa ikarejeshwa; lililobaki halidaiwi.

Baada ya usalama, jambo la pili ni kujua mwenye nyumba ni nani, na hapa wapangaji wengi hupotea njia. Anayekuja kupokea kodi si lazima awe ndiye mwenyewe. Katika mji wetu nyumba zimo za watu binafsi, za Serikali na za wakfu, na si ajabu mtaa mmoja ukawa nazo zote tatu. Mwenyewe huenda yuko Muscat au Dubai na amemwachia jamaa yake ufunguo. Nyumba ikiwa ni ya wakfu, wa kuandikiwa ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na ukumbushe katika barua yako kwamba matengenezo ya mali ya wakfu hutangulizwa katika matumizi ya pato lake. Ikiwa ni fleti ya Serikali, wa kuandikiwa ni Shirika la Nyumba la Zanzibar, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014.

Iliyo ngumu zaidi ni nyumba ya urithi ambayo haijagawiwa. Ndugu mmoja hupokea kodi, wa pili husema yeye hajapata hata senti moja kwa hiyo hatotengeneza, wa tatu anataka nyumba iuzwe. Mpangaji asiingie katika ugomvi huo wala asichukue upande. Aandike barua moja kwa warithi wote, amkabidhi msimamizi wa mirathi ikiwa yupo, na nakala ampe yule anayempokea kodi. Anayepokea kodi hawezi kusema kwamba matengenezo hayamhusu.

Barua yenyewe haihitaji maneno makali. Matusi na vitisho humpa mwenye nyumba jambo jengine la kuzungumza badala ya dari. Iwe fupi, iwe na tarehe, itaje chumba na kilichoharibika, na itaje muda. Mfano wake ni huu:

"Assalaam alaykum. Mimi ni mpangaji wako katika ghorofa ya pili. Nakuarifu kwamba katika chumba cha nyuma boriti mbili zimekatika, na usiku wa kuamkia leo kipande cha dari kimeanguka juu ya kitanda. Hapakuwa na mtu. Chumba hicho tumekihama na hatukitumii. Nilikuarifu kwa mdomo mwezi uliopita kuhusu maji yanayoingia kutoka juu. Naomba ulete fundi ndani ya siku saba kuja kutazama, na unijuulishe kwa maandishi lini kazi itaanza. Kodi yangu nimelipa hadi mwisho wa mwezi huu na stakabadhi ninayo. Nakala ya barua hii nimempa Sheha."

Andika nakala tatu. Moja ya mwenye nyumba, moja ya Sheha, na moja yako wewe, na hii ya kwako isainiwe na aliyeipokea pamoja na tarehe. Akikataa kusaini, mtu mzima aliyeshuhudia makabidhiano aandike jina lake. Siku hizi watu wengi huarifiana kwa simu. Ujumbe wa simu nao usifutwe, na picha za nyufa zipigwe pamoja na kitu cha kupimia, kama vile rula au sarafu, ili ionekane ufa umepanuka kiasi gani baina ya picha ya kwanza na ya pili. Fundi atakayekuja kutazama aombwe aandike alichokiona, japo ni kwa mistari mitano.

Swali linaloulizwa zaidi kuliko yote ni hili: je, mpangaji azuie kodi mpaka nyumba itengenezwe? Ushauri ni kwamba asifanye hivyo kwa uamuzi wake peke yake. Mpangaji aliyesita kulipa hugeuka kuwa mdaiwa, na shauri lililokuwa la dari mbovu huwa shauri la kodi isiyolipwa, ambalo mwenye nyumba atalishinda kwa urahisi. Alipe na achukue stakabadhi. Lakini hakuna kinachowazuia wawili hao kukubaliana kwamba mpangaji atagharamia matengenezo na gharama zikatwe katika kodi. Makubaliano hayo ndiyo yanayowasaidia wengi, na ndiyo pia yanayowaletea ugomvi, kwa sababu hufanywa barazani kwa maneno. Yaandikwe kabla fundi hajashika mwiko: kazi gani, kwa kiasi gani, itakatwa miezi mingapi, na nani ataweka risiti za vifaa. Anayetengeneza kwanza na kudai baadaye huambiwa alitengeneza kwa hiari yake.

Tena asijenge wala kubomoa ovyo. Katika eneo la Mji Mkongwe, ambalo tangu mwaka 2000 limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, kazi ya ujenzi huhitaji kibali cha Mamlaka, awe anayejenga ni mwenyewe au mpangaji. Mpangaji anayetoboa ukuta apitishe paipu ya choo anaweza kujikuta yeye ndiye mkosa.

Katika fleti, kwa mfano zile za Michenzani zilizojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, mara nyingi anayevujisha si mwenye nyumba wako bali ni jirani wa juu. Anza kwa kupanda ngazi na kumgongea mlango. Ikiwa paipu iliyopasuka ni ya jengo zima, wakaazi wa ngazi hiyo waandike barua moja ya pamoja badala ya barua kumi. Kwa fleti zinazomilikiwa na watu mbalimbali ndani ya jengo moja, Sheria ya Kondominio ya mwaka 2010 ndiyo inayoangalia sehemu za pamoja kama vile paa na ngazi.

Kuhusu haki yenyewe, baadhi ya wananchi husoma magazeti ya Dar es Salaam na kudhani kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inawahusu. Sheria hiyo ni ya Tanzania Bara. Ardhi si jambo la Muungano, na Zanzibar ina sheria zake. Baina ya mpangaji na mwenye nyumba kinachotazamwa kwanza ni mapatano yao, na mapatano ya mdomo nayo ni mapatano, ingawa kuyathibitisha ni kazi. Wazee wetu waliosoma fiqhi ya Shafii wanalijua jambo hili tangu zamani: katika ijara, matengenezo ya nyumba ni juu ya mwenyewe, akiharakisha kutengeneza, mambo yanaendelea, asipofanya hivyo, mpangaji ana hiari ya kuvunja mapatano. Si jambo geni lililoletwa juzi. Hata hivyo madai ya kodi hayapelekwi katika Mahakama ya Kadhi, ambayo husikiliza mambo ya ndoa, talaka, mirathi na wakfu.

Utaratibu wa kawaida ni kuanza kwa Sheha, ambaye atawaita pande mbili na kuandika walichokubaliana. Sheha hasuluhishi kwa nguvu wala hawezi kumtoa mtu katika nyumba. Wakishindwana, shauri huenda mahakamani. Mahakama ya Ardhi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, husikiliza migogoro ya ardhi, na mashauri mengine husikilizwa na mahakama za kawaida. Mlalamikaji aulize masjala kabla ya kulipa ada, kwani shauri lililofunguliwa pasipo mahali pake hupoteza miezi. Asiyekuwa na uwezo wa wakili anaweza kufika kwa wasaidizi wa sheria au Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, ambacho kimekuwa kikitoa msaada huo tangu mwaka 1992.

Wenye nyumba nao wana neno lao, na ni haki lisikilizwe. Nyumba ya kodi ndogo iliyokodiwa tangu zamani haitoi fedha za kubadilisha boriti za ghorofa nzima. Wapo pia wapangaji wanaokataa kutoka hata kwa wiki mbili fundi afanye kazi, kwa hofu kwamba wakitoka hawatarudi. Hofu hiyo si ya bure, kwa sababu imewahi kutokea mtu akaambiwa apishe matengenezo, na aliporudi akakuta kitasa kipya na mpangaji mwengine aliyetoa kilemba. Dawa yake ni karatasi moja inayosema mpangaji anatoka tarehe gani, anarudi tarehe gani, kwa kodi ile ile, na vyombo vyake vitakaa wapi. Mwenye nyumba mwenye nia njema haogopi kuisaini. Kwa upande wake asikate maji au umeme, asing'oe mlango, wala asitoe vyombo nje ili kumlazimisha mpangaji ahame. Mtu hutolewa katika nyumba kwa amri ya mahakama.

Kwa wanaotaka kukodi sasa, wasitoe kilemba wala kodi ya miezi kumi na miwili kabla ya kupanda juu na kuitazama dari, ikiwezekana siku ya mvua. Waandike katika mapatano kwamba nyumba ikiwa haikaliki, kodi ya miezi iliyobaki itarejeshwa, na kwa muda gani.

Na yule anayeamua kuhama kwa sababu nyumba haikutengenezwa, asifunge mlango akaondoka tu. Maadamu ufunguo uko mfukoni mwake, mwenye nyumba anaweza kusema kwamba bado amepanga na kodi inaendelea kuhesabiwa. Aurejeshe mbele ya Sheha au shahidi mwengine, na achukue maandishi yenye tarehe kwamba ufunguo umepokewa.