Runinga Bila Dishi
Dishi langu lingali juu ya paa hapa Dar es Salaam, kunguru wanalikalia. Kifurushi cha king'amuzi silipii tena. Nina kisanduku kinachoenea kiganjani: nakichomeka kwenye tundu la HDMI nyuma ya runinga, kinanasa Wi-Fi, basi. Habari naangalia YouTube, tamthilia Netflix. Mpira ndio kazi. Haki za kuonyesha ligi zina wenyewe, kwa hiyo utalipia tu, iwe kwa dishi au kwa programu. Anayekuuzia kisanduku chenye "chaneli zote bure" anakuuzia mali ya wizi. Na bando la simu usiliguse! Picha ya HD hula hata GB 3 kwa saa, na wanangu hawachoki katuni.