Uzi: Ile 40% ya kaboni, ni 40% ya nini?

1/ Siku hizi kwa kila mkutano mmoja anasema "hewa yetu inauzwa", mwingine anajibu "wananchi watapata 40%." Wacha niwaelezee, maana wote wanaruka jambo moja.

2/ Msitu ambao ungekatwa ukilindwa, kaboni inabaki kwa miti. Kila tani ya hewa ukaa iliyozuiwa ni krediti moja. Kampuni za ng'ambo zinanunua krediti kufidia moshi wao.

3/ Sheria ya 2023 inasema mradi wa ardhi uipe jamii angalau 40% ya mapato ya mwaka uliopita. Sawa. Lakini kanuni za 2024 zikaongeza: baada ya kutoa gharama za biashara.

4/ Tupige hesabu ya mfano. Mradi umeingiza milioni 100, gharama milioni 70. Hiyo 40% yenu ni ya milioni 30. Mnapata 12, si 40.

5/ Na nyinyi mmeshaacha makaa, kuni, pengine malisho. Miradi mingine ni ya miaka 30.

6/ Sisemi ni mbaya. Kule Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umelipia maji na kusaidia shule, na wanakijiji wenyewe ndio huamua pesa iende wapi.

7/ Kwa hivyo mkiahidiwa asilimia, ulizeni: gharama anahesabu nani, na vitabu tutaviona lini? Kabla ya kutia sahihi, si baadaye.