Nguvu ya Boriti Iko Kwenye Kimo

Mbao ya mbili kwa sita, yaani milimita 50 kwa 150, ikivushwa juu ya kuta mbili zilizoachana mita 3, hubeba mara tatu zaidi ikisimamishwa kuliko ikilazwa. Mbao ni ileile, bei ileile, uzito uleule. Mafundi wengi wanalijua hili kwa mazoea. Mwenye nyumba naye akiielewa hesabu yake, hatakubali kirahisi kununua mbao nyingi pale alipohitaji chache zenye kimo kikubwa zaidi.

Chukua kipande kirefu cha sponji la godoro, chora mistari ya wima ubavuni kwa kalamu, kisha kishike ncha zote mbili ukipinde kibonyee katikati. Mistari inasogeleana upande wa juu na kuachana upande wa chini. Katikati kuna tabaka ambalo urefu wake haubadiliki. Boriti yenye mzigo hufanya vivyo hivyo, ila kwa kiasi kidogo ambacho macho hayakioni: nyuzi za juu zinabanwa, za chini zinavutwa, na kadiri uzi ulivyo mbali na tabaka la katikati ndivyo mkazo wake unavyozidi. Galileo, katika kitabu chake cha mwaka 1638, alishasema kwamba mbao iliyosimama ina nguvu kuliko iliyolala. Lakini alidhani boriti nzima inavutwa, hakuna sehemu inayobanwa, na kwa hiyo akaipa nguvu mara tatu ya iliyo nayo. Kanuni tunayoitumia leo ilipata sura yake kwa Navier, mhandisi wa Ufaransa, mwaka 1826.

Kanuni yenyewe inauliza kila kipande kidogo cha eneo la mkato kiko umbali gani kutoka katikati. Umbali huo unazidishwa kwa wenyewe, kisha kwa ukubwa wa kipande, na vyote vinajumlishwa. Jumla hiyo ndiyo momenti ya inesha. Kwa mbao ya pembe nne ni upana mara kimo mara kimo mara kimo, gawa kwa 12. Mbao yetu ikisimama inapata milimita 14,062,500 kwa kipeo cha nne. Ikilala, 1,562,500 tu. Tofauti ni mara tisa.

Sasa mweke juu yake fundi aliyebeba mfuko wa saruji, jumla kilo 120 hivi, au nyutoni 1,200, akiwa katikati kabisa. Momenti ya kupinda ni mzigo mara urefu, gawa kwa 4, yaani nyutoni-mita 900. Mkazo wa ukingoni ni momenti hiyo mara nusu ya kimo, gawa kwa momenti ya inesha. Mbao iliyosimama inapata nyutoni 4.8 kwa kila milimita ya mraba, iliyolala 14.4. Kwenye kubonyea tofauti ni kali zaidi: kwa mbao laini yenye ugumu wa nyutoni 8,000 kwa milimita ya mraba, iliyosimama inashuka milimita 6, iliyolala 54. Dari ya jipsamu iliyofungwa chini yake haiwezi kustahimili hizo 54. Muhimu tu mbao iliyosimama ishikwe pembeni isije ikapinduka.

Pwani yetu ilijenga kwa miti ya duara. Mikoko ya Lamu na delta ya Rufiji ilipangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Majahazi yaliisafirisha hadi Oman na Ghuba. Boriti ya sentimita 13 ina momenti ya inesha ya milioni 14.0, karibu sawasawa na mbao yetu ya mbili kwa sita iliyosimama, ingawa imekula mti zaidi kwa robo tatu. Sehemu kubwa ya mti wa duara imekaa karibu na katikati, mahali ambapo haisaidii sana. Ndiyo maana chuma cha umbo la I hurundika maada yake juu na chini na kubakiza kiuno chembamba.

Hesabu hii pia inasaidia kueleza upana wa vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Unguja, virefu lakini vyembamba, mara nyingi chini ya mita 3. Dari za mawe ya matumbawe na chokaa ni nzito mno, na mzigo ulioenea hivyo huongeza momenti kwa mraba wa upana wa chumba. Kutoka mita 2.8 hadi 4 momenti inakuwa maradufu na kubonyea kunazidi mara nne. Urefu wa mti haukuwa kizuizi pekee.

Uharibifu nao hufuata hesabu hiyohiyo. Tundu dogo katikati ya kimo halidhuru sana, lakini anayekata milimita 30 chini ya mbao ya 150 ili kupitisha bomba ameondoa zaidi ya theluthi ya nguvu.

Ninalolihofia zaidi ni roshani za zege. Zege hustahimili kubanwa, ila likivutwa lina takriban sehemu moja ya kumi tu ya nguvu hiyo, ndiyo maana tunalipa nondo. Kwenye boriti iliyokaa juu ya kuta mbili nondo kuu huwa chini. Roshani inayochomoza nje ni kinyume: ncha inashuka, juu ndiko kunakovutwa, na nondo kuu lazima ziwe juu. Wakati wa kumwaga zege watu huzikanyaga. Zikiwa zimepangwa milimita 120 kutoka chini kisha zikashuka 40, zinabaki 80, na takriban theluthi ya uwezo imepotea kabla zege halijakauka. Ziwekewe vitegemeo vya kutosha, na siku hiyo pima kwa futi kamba kutoka ubao wa chini hadi kwenye nondo, hasa pale roshani inapoungana na ukuta, kwa kuwa hapo ndipo momenti ilipo kubwa kuliko kwingine kote.